Vimelea vya Nje vya Samaki wa Mapambo: Kuvitambua na Kuvitibu

Wananchi na watumishi wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya vioo, majumbani au katika kumbi za kupokelea wageni, wanakumbushwa kuwa samaki mmoja mgonjwa aweza kuangamiza tangi zima kwa siku chache. Aghalabu chanzo huwa ni vimelea vya nje, vinavyojishikiza kwenye ngozi, mapezi na matamvua ya samaki na kujilisha humo.

Dalili za awali ni samaki kujikwaruza kwenye mawe, kukunja mapezi, kuhema haraka karibu na uso wa maji na kukataa chakula. Mwenye tangi aonapo hayo, achukue tochi amtazame samaki kwa ubavuni. Vumbi la rangi ya dhahabu ni ishara ya vimelea vinavyoua kwa kasi. Uzi mwembamba unaoning'inia mwilini ni mnyoo nanga, ambaye licha ya jina lake ni wa ukoo wa kamba na kaa. Huyo na chawa wa samaki huonekana kwa macho na huweza kuondolewa kwa kibano.

Madoa meupe mfano wa chembe za chumvi, yasiyozidi milimita moja, ndiyo maradhi yanayojulikana zaidi katika maji baridi. Kimelea chake kilipewa jina na Fouquet mwaka 1876, Ichthyophthirius multifiliis, yaani chawa wa samaki mwenye watoto wengi, na jina hilo si la bure. Kimelea hunenepa chini ya ngozi ya samaki, kisha hudondoka, hujifunika utando chini ya tangi na kugawanyika mara nyingi hadi kutoa mamia ya vichanga, wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Vichanga hivyo huogelea kutafuta samaki, na visipompata kwa muda wa siku mbili hivi hufa. Katika maji ya nyuzijoto 25 za sentigredi mzunguko wote hauzidi wiki moja.

Ikumbukwe kuwa dawa huua vichanga vinavyoogelea tu; kilichomo ndani ya ngozi na kilichojifunika utando havidhuriki. Wengi huacha tiba siku madoa yanapotoweka, nayo ndiyo siku ambayo vimelea vimeshuka chini kuzaliana. Kwa hiyo tiba iendelezwe kwa wiki mbili. Chumvi ya kawaida, gramu 1 hadi 3 kwa kila lita ya maji, iliyoyeyushwa kwanza na kutiwa kidogo kidogo, huwafaa samaki wengi wa maji baridi. Wasio na magamba waanzie kiwango cha chini. Theluthi ya maji ibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, uchafu wa chini ukifyonzwa kwa mpira, na chumvi irudishwe kwa kadiri ya maji yaliyotolewa.

Kwa samaki wa baharini chumvi haina kazi, nao hutibiwa kwa shaba katika tangi la pekee, kwani shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Ama minyoo bapa ya ngozi na matamvua, isiyoonekana bila darubini, hutibiwa kwa prazikwanteli, dawa ileile ya kichocho. Hata hivyo, vidonge vinavyotolewa skuli kwa ajili ya watoto visipelekwe kwenye matangi. Dawa ya rangi ya kijani iitwayo malakiti isitumiwe kamwe kwa samaki wa kuliwa.

Samaki mpya awekwe peke yake kwa wiki nne kabla ya kuchanganywa na wenzake. Maji ya tangi lililougua yasimwagwe mitoni, mabwawani wala karibu na visima, bali kwenye ardhi kavu. Nyavu na ndoo zianikwe juani hadi zikauke kabisa kabla ya kutumiwa tena.