Gari la Mbio Hutaka Mwenye Nidhamu

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Maneno hayo yaliwahusu waunda majahazi, lakini yamfaa pia mtu anayelitazama gari la zamani la Kijerumani likipita barabarani, rangi ikimetameta na injini ikinguruma kwa utulivu, naye akatamani moyoni kulimiliki. Makala haya yanakusudia kumweleza mtu huyo kwamba gari la namna hiyo halinunuliwi mara moja tu. Hununuliwa tena na tena kwa matunzo, na asiyeyaweza matunzo hayo huenda akalipa kwa damu.

Tuchukue mfano wa Mercedes-Benz 190E 2.3-16, gari dogo la milango minne lililoonyeshwa kwa umma huko Frankfurt mwaka 1983. Kwa sura ni gari la kubebea familia. Hata hivyo, silinda hedi yake ilibuniwa na kampuni ya Cosworth ya Uingereza, mabingwa wa injini za mashindano, nayo ikapewa vali 16, yaani nne kwa kila silinda. Injini hiyo ya sentimita za ujazo 2,299 ilitoa nguvu za farasi 185.

Mwezi Agosti 1983, magari matatu ya aina hiyo, yaliyotayarishwa mahsusi, yalipelekwa Nardò, kusini mwa Italia, kwenye njia ya mviringo ya majaribio. Yalikimbizwa usiku na mchana hadi kilomita 50,000. Rekodi ya dunia iliyopatikana ilikuwa ya mwendo wa wastani wa kilomita 247.94 kwa saa, kwa muda wa zaidi ya saa 201. Wasimulizi wengi huishia hapo. Askari huuliza swali la pili: je, ni nani walioyatunza? Magari hayo yalisimamishwa kwa ratiba, yakajazwa mafuta, yakabadilishwa matairi, na madereva wakapokezana usukani kama walinzi wanavyopokezana lindo. Pamoja na uangalifu huo wote, moja kati ya hayo matatu lilikwamishwa na rota ya distributa, kipande kidogo kinachoenea kiganjani, ambacho kilivunjika.

Ikiwa kipande kidogo kiliweza kulisimamisha gari jipya lililozungukwa na mafundi, mwenye gari hilo leo, baada ya miaka zaidi ya 40, hana budi kuwa macho zaidi. Vipuri vya mpira ndivyo vinavyotangulia kuzeeka. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono mitano ya chuma yenye bushi zake, na bushi zikilegea gari huyumba katika kona hata kama injini ni nzima. Cheni ya taimingi hurefuka kwa kuchakaa, na ikikatika huweza kuiharibu injini nzima. Mtambo wa Bosch unaopeleka petroli kwenye injini hauvumilii uchafu, kwa hiyo chujio la mafuta lisisahauliwe. Kutu hupenda kujificha mahali pa kuwekea jeki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na breki zikipata moto mkali unyevu huo huchemka, dereva akakanyaga pedali isiyo na nguvu. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Matairi nayo yachunguzwe kwa tarehe, si kwa macho tu. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi zinaeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri laweza kuwa limekauka na kupoteza mshiko wake.

Baada ya gari huja dereva. Katika giaboksi ya gari hili, gia ya kwanza iko kushoto nyuma, na ya kurudi nyuma iko kushoto mbele, mahali ambapo mkono wa wengi umezoea kuitafuta ya kwanza. Anayekurupuka anaweza kumgonga aliye nyuma yake. Gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, wala halina mtambo wa kielektroniki wa kulirekebisha linapoanza kuteleza. Mercedes-Benz ilianza kuuza mtambo huo mwaka 1995 tu. Tena ikumbukwe kwamba mwendo ukiongezwa mara mbili, masafa ya kufunga breki huongezeka mara nne. Maumbile hayamtambui mwenye cheo.

Tarehe 12 Mei 1984, katika ufunguzi wa njia mpya ya mashindano ya Nürburgring, madereva mashuhuri walipewa magari ya aina hii yanayofanana. Aliyeshinda alikuwa kijana wa Brazil, Ayrton Senna, mbele ya bingwa Niki Lauda. Magari yalikuwa sawa. Kilichotofautiana ni ustadi wa madereva.

Wajerumani wenyewe wanayaenzi magari haya kwa sheria. Tangu mwaka 1997, gari lililotimiza miaka 30 na kuhifadhiwa katika hali yake ya asili laweza kupewa namba yenye herufi H na kutozwa kodi maalumu isiyobadilika. Hata hivyo, heshima hiyo hailiondolei wajibu wa kukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Polisi wa barabarani ataielewa mantiki hiyo: uzee wa gari si udhuru wa breki mbovu.

Basi, ndugu askari, ukijaliwa kupata gari la namna hii, usitumie akiba yako yote kulinunua. Weka kando fungu la vipuri na la fundi anayelijua. Anza na breki, matairi na bushi, mbio zingoje. Bunduki isiyosafishwa humsaliti mwenyewe siku ya vita, na gari la mbio lisilotunzwa humsaliti siku atakayolihitaji kusimama.