Uhandisi kutoka Eastlands: shida zinapohesabiwa na zisipohesabiwa

Wengi wetu tulioko ng'ambo tumewasaidia watoto wetu kuomba vyuo vikuu vya huku. Tunajua kwamba fomu za Uingereza na Marekani humwachia mwombaji nafasi ya kusimulia maisha yake: baba alifariki, nyumba ikabomolewa, mwaka mzima wa masomo ukapotea. Kwa hiyo mpwa akipiga simu kutoka Kayole au Huruma, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, na kusema anataka kusoma uhandisi, tunamshauri aandike barua nzuri ya kueleza aliyoyapitia. Ushauri huo unatoka moyoni, lakini Kenya hauna mahali pa kufikia. KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hupanga waombaji kwa gredi za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Masaibu ya kijana huanza kuhesabiwa baadaye, kwenye karo, na hapo napo huhesabiwa kwa karatasi.

Tuanze na gredi. Shahada yoyote inahitaji wastani wa C+ kwenda juu. Kwa uhandisi, C+ hiyo hutakiwa pia katika Hisabati, Fizikia na Kemia, kila moja peke yake. Halafu kuna pointi za klasta: masomo manne, kila moja likiwa na pointi zisizozidi 12, jumla 48, yakipimwa pamoja na masomo saba yenye jumla ya 84. Ina maana kijana aliyeuguza mama muhula mzima, akashuka katika Kemia peke yake, anaumia mara mbili, kwenye klasta na kwenye jumla. Hakuna ofisa wa kumwonea huruma, kwa sababu kompyuta haiulizi sababu.

Kikwazo kikubwa zaidi ni Fizikia. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwanafunzi anaweza kuiacha akifika kidato cha tatu, na katika shule za kutwa ambako maabara ni ndogo na wanafunzi ni wengi, huachwa na wengi. Kijana anaweza kupata B nzuri, akafurahiwa na mtaa mzima, kisha agundue kwamba mlango wa uhandisi ulifungwa miaka miwili nyuma. Njia iliyobaki ni kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, katika kituo chenye maabara ya mtihani wa vitendo. Hapa muda umebana. KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa 2023, na wanafunzi wale ndio watakaofunga 8-4-4 kwa KCSE ya 2027. Anayefikiria kurudia asisubiri, kwa sababu usajili wa KNEC, baraza la mitihani, hufanyika miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe.

Sasa fedha. Mfumo uliotangazwa Mei 2023 ulivunja ruzuku ya pamoja kwa vyuo na kumpima kila mwanafunzi kivyake. Kwa madaraja matano yaliyotumika kuanzia 2024, aliye katika daraja la kwanza hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wa asilimia 25, na familia hulipa 5. Aliye katika daraja la tano hupata ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa 30, na familia hulipa 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Lakini fomu ni lazima ijazwe, popote kesi ilipofika. Uhandisi ni miaka mitano na ni kati ya kozi ghali, kwa hiyo tofauti ya daraja moja inaweza kumrudisha mtoto nyumbani akiwa mwaka wa pili.

Daraja hutolewa kwa kupima hali ya wazazi, ukubwa wa familia, ulemavu, eneo analotoka mtu na kozi yenyewe. Uyatima unathibitishwa kwa cheti cha kifo, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Nyumbani mtu huzikwa kwa kibali cha mazishi, karatasi ile ikakunjwa na kuwekwa kwenye sanduku, na kila mmoja akaamini jambo limekwisha. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti huombwa kwa msajili wa vizazi na vifo, na kama miaka imepita, chifu na naibu wake huhusishwa, pengine kijijini Siaya au Kitui na siyo Nairobi. Kuna pia suala la majina. Mama ni Akinyi kwenye kitambulisho na Mary kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na mfumo hauwatambui kuwa mtu mmoja mpaka hati ya kiapo iandikwe.

Mwaka 2024 Mto Mathare ulipofurika, kisha nyumba za kingoni zikabomolewa mwezi Mei, watu walipoteza magodoro na sufuria, na pamoja navyo vyeti. Vinaweza kurudishwa. Kitambulisho huanzia polisi kwa ripoti ya kupotea, kisha Huduma Centre, na iliyo karibu na wengi wa Eastlands ni ya Makadara. Cheti cha KCSE kilichopotea huombwa KNEC kupitia mfumo wao wa QMIS. Kama cheti hakikupotea bali kimeshikiliwa na shule kwa deni la karo, sheria ya KNEC ya 2012 hairuhusu jambo hilo, na mzazi ana haki ya kulisema wazi mbele ya mkuu wa shule.

Kila moja ya hatua hizi ina ada ndogo, nauli, na siku ya kibarua iliyopotea. Ndiyo maana nashikilia kwamba pesa yetu ya kutoka ng'ambo inafanya kazi kubwa kuliko zote hapa, mapema, kabla ya barua ya chuo kutoka. Tumezoea kuchangisha kwenye kikundi cha WhatsApp Septemba, mtoto akiwa langoni na begi, wakati daraja limeshatolewa. Likitoka baya, kuna kukata rufaa, na rufaa hiyo nayo hudai karatasi zilezile.

Kabla ya kumlipia mtu nafasi ya kujifadhili, ulizeni kama kozi hiyo imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi, EBK. Miaka iliyopita wahitimu wa baadhi ya vyuo vya umma walimaliza miaka mitano wakakataliwa usajili, wakaenda mahakamani.

Na aliyepata C-? Diploma ya uhandisi inamkubali. Tangu Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya 2016, mafundi sanifu na wanateknolojia wana bodi yao ya usajili, KETRB. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, kilichoanza kama Kenya Polytechnic na kupewa hadhi kamili Januari 2013, kiko Haile Selassie Avenue, mwendo wa miguu kutoka Muthurwa. Kijana aliyefiwa na wazazi akaenda kuchomelea vyuma Kamukunji hajapotea njia. Anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, pale Industrial Area huku akijipanga kwa diploma, na diploma yenye alama nzuri hufungua shahada. HELB hukopesha wanafunzi wa vyuo vya kiufundi pia, kwa hiyo kile cheti cha kifo kitahitajika hata huko.