Puma wa Pullman na Wana wa Mlima Kenya

Barabara inayotoka Embu kwenda Meru hupita ubavuni mwa Mlima Kenya, ikigusa Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu. Ukanda huo ni wa chai, kahawa, miraa na, siku hizi, vyuo vikuu. Kilicho kikongwe zaidi ni Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, KeMU, kilichoanzishwa Meru mwaka 1997. Chuka kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili Januari 2013, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kikafuata Machi mwaka huo huo, na Embu kikapata yake Oktoba 2016.

Kwa timu za michezo, huo ni umri wa utotoni. Jina la timu linaweza kuchapwa kwenye jezi kwa siku moja, lakini halianzi kutisha mpaka mtu aliyelivaa afanye jambo ambalo wapinzani watalisimulia. Kwa hiyo, kwa faida ya wanafunzi wa mlimani, nimekusanya rekodi na habari za majina makubwa ya vyuo, yale hasa ambayo vijana wa Afrika Mashariki waliyapa uzito.

Wazazi wenye majina makali zaidi

Wengi hawakumbuki kwamba vyuo vitatu kati ya hivyo vinne vina wazazi. Embu kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuka kilizaliwa na Egerton. Meru kililelewa na JKUAT ya Juja. Na wazazi wote watatu wana timu za raga zenye majina yanayojulikana kuliko hata majina ya manaibu chansela wao: Mean Machine ya Nairobi, Wasps ya Egerton, Cougars ya JKUAT.

Wa kwanza kati ya hao kwa sifa ni Mean Machine. Timu hiyo ilianza mwaka 1977 na msimu huo huo ikatwaa Kenya Cup, taji la juu kabisa la raga nchini, mbele ya klabu za watu wazima waliokuwa na viwanja vyao na fedha zao. Kwa maoni yangu, hakuna timu ya wanafunzi Kenya iliyowahi kuingia mjini kwa kishindo cha namna hiyo. Jina lilipata maana yake mwaka ule wa kwanza, na kila kikosi kilichofuata kimelazimika kulibeba.

Nyigu wa Egerton nitawapita haraka, maana nina safari ndefu na hao Cougars.

Jina lililovunja rekodi nyingi zaidi miguuni mwa Wakenya

Cougar ni puma, paka mkubwa wa porini wa mabara ya Amerika. Muda mrefu kabla jina hilo halijafika Juja, lilikuwa la Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, katika mji mdogo wa Pullman unaozungukwa na mashamba ya ngano. Mwaka 1919 timu yake ya futiboli ya Kimarekani iliishinda timu ya Chuo Kikuu cha California, na mwandishi wa gazeti wa upande wa walioshindwa akasema wageni wale walicheza kama puma. Wanafunzi wakalipenda neno hilo wakalifanya lao. Sifa iliyotoka kinywani mwa aliyeshindwa ndiyo sifa bora, na ndiyo maana naliweka jina hili juu ya mengine yote kwa asili yake. Mwaka 1927 gavana wa jimbo aliwapa mtoto wa puma aliye hai, akaitwa Butch, na wengine wakamfuata.

Katika miaka ya 1970 kocha John Chaplin alianza kuchukua wakimbiaji kutoka Kenya. Samson Kimombwa alikuwa mmoja wao. Juni 1977, mjini Helsinki, aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 30.5.

Kisha akaja Henry Rono, Mnandi, na mwaka wake wa 1978 haujapata mfano. Aprili 8, mjini Berkeley, nyumbani kwa chuo kile kile cha California, alikimbia mita 5,000 kwa 13:08.4, akipunguza sekunde nne na nusu kwenye rekodi ya dunia. Mei 13, mjini Seattle, alimaliza mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4. Juni 11, mjini Vienna, aliifuta rekodi ya Kimombwa kwa 27:22.5. Juni 27, mjini Oslo, mita 3,000 kwa 7:32.1. Rekodi nne za dunia katika mbio nne tofauti, ndani ya siku 81, na mwenye kuziweka alikuwa bado mwanafunzi wa chuo mwenye mitihani ya kufanya. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo, kabla yake wala baada yake.

Mwaka huo huo alitwaa dhahabu mbili kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, na nyingine mbili kwenye Michezo ya Afrika mjini Algiers. Olimpiki hakuwahi kuikimbia: Kenya ilisusia Montreal 1976, ikasusia Moscow 1980. Naliona hilo kuwa deni kubwa kuliko yote ambayo siasa inadaiwa na riadha ya Kenya. Rono alifariki Februari 2024.

Rekodi yake ya viunzi na maji ilidumu miaka 11. Aliyeivunja, mjini Stockholm mwaka 1989, kwa 8:05.35, ni Peter Koech, Mkenya, naye pia mwanafunzi wa zamani wa Pullman. Hebu tazama: puma alimpokonya puma mita 10,000, na puma mwingine akampokonya mpokonyaji huyo viunzi na maji. Sijui jina jingine la chuo lenye mnyororo kama huo.

Mataji mengi zaidi, na alama chache zaidi

Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso kilianza mwaka 1914 kama shule ya madini, na timu zake zikaitwa Miners, yaani wachimba madini. Jina la kazi ya jasho, lisilo na mbwembwe. Mtanzania Suleiman Nyambui alilivaa akakusanya mataji 15 ya vyuo vya Marekani, na pia akatwaa fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980. Mwaka 1981, katika fainali ya mbio za nyika, ambako timu yenye alama chache ndiyo mshindi, Miners walipata alama 17, idadi ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano hayo. Wa pili siku hiyo alikuwa Michael Musyoki, Mkamba, jirani wa Embu ukivuka Tana, ambaye baadaye alipata shaba ya mita 10,000 Los Angeles 1984.

Nyambui alipitwa na Edward Cheserek, mzaliwa wa Marakwet aliyesoma Oregon: mataji 17, mbio za kupokezana vijiti zikiwemo, na mwanamume wa kwanza kushinda mbio za nyika za vyuo mara tatu mfululizo, 2013 hadi 2015. Timu za Oregon huitwa Ducks, mabata, na picha ya Donald Duck waliipata mwaka 1947 kwa mkurugenzi wao wa michezo kupeana mkono tu na Walt Disney. Upande wa wanawake, Sally Kipyego alishinda mbio hizo hizo mfululizo 2006, 2007 na 2008 akiwa Texas Tech, chuo ambacho timu zake zilianza kwa jina la Matadors kabla ya kuwa Red Raiders.

Tukirudi mlimani

Viwanja havikosekani. Kinoru ya Meru ilipokea sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2018, na Uwanja wa Moi wa Embu ukazipokea 2023. Kinachonitia wasiwasi ni daftari. Ushindi wa 1919 na sekunde za Rono tunazijua kwa sababu kuna watu waliziandika siku ile ile na kuzitunza. Kwa hiyo nawaomba maofisa wa michezo wa KeMU, Chuka, Meru na Embu: kila mashindano yakiisha, andikeni jina la mchezaji, tarehe, uwanja, muda au mabao, na jina ambalo timu ilijiita siku hiyo. Nanyi wahitimu mliovaa jezi za kwanza kabisa, tangu 1997 kule KeMU, leteni picha na matokeo mliyonayo maktabani mwa chuo chenu kabla hayajapotea.