Ufunguo Mkuu wa Kompyuta ya Chama
Chama cha msingi kinachoanza kutunza hesabu kwa kompyuta ya Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hakina budi kufahamu kwamba mfumo huo una mtumiaji mkuu, root, ambaye kwa kawaida hazuiliwi na ruhusa za mafaili. Amri yake moja yaweza kufuta kila kitu. Kwa hiyo karani na atumie akaunti ya kawaida yenye neno la siri. Mamlaka ya root yatumike kuweka programu na masahihisho ya usalama, ambayo yasicheleweshwe. Programu ovu ikipenya, kwa kawaida itapata uwezo wa karani tu. Lakini hata huo watosha kuharibu hesabu. Hivyo nakala zihifadhiwe mbali na kompyuta. Ufunguo wa kasha la fedha hauachwi mlangoni.