JUU YA NINI MAMA ANANGOJEA SIKU TATU?
(Mapishi ya muhogo na sombe, na sababu zake)



Sisi tunaokaa hapa tumetoka pande nyingi. Kuna wa Uvira, kuna wa Idjwi, kuna wa Walungu, kuna wa Shabunda, kuna na wale wa mjini. Kila mmoja alikuja na sanduku lake na pia na mapishi ya kwao. Saa ya kula mabishano hayaishi: huyu anasema sombe bila mawese si sombe, yule anasema sombe bila karanga ni majani matupu. Mabishano ya namna hii ni mazuri, yanafundisha. Wengi wetu wanapanga vyumba karibu na masomo na kujipikia wenyewe, na mapishi ya mwenzako yanaweza kukuokoa siku ambayo mfuko umekauka.

Lakini tumeangalia jambo moja. Tukimpa mwenzetu mapishi, tunamwambia vitu vya kutia ndani ya sufuria. Hatumwambii muda wa kungojea, na sababu ya kungojea hatuisemi kabisa. Naye anaona kungojea ni kupoteza wakati bure, anafupisha. Kwa chakula kingine ukifupisha utakula kibaya tu. Kwa muhogo ukifupisha unaweza kupoteza miguu yako. Hatusemi hivi ili kuwaogopesha, ni kweli, na tutaeleza.

1. NDANI YA MUHOGO MNA NINI?

Muhogo si wa babu zetu wa zamani sana. Ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika miaka ya 1500. Baadaye ukapanda polepole kuingia bara. Ulipendwa kwa sababu hauogopi udongo mbaya, unavumilia jua, na unaweza kukaa shambani mpaka siku unapouhitaji.

Nguvu hiyo ina bei yake. Muhogo unajilinda na wadudu na wanyama kwa sumu. Wale wa bioshimi wasikilize vizuri: ndani ya mizizi na majani kuna kitu kinachoitwa linamarina. Pembeni yake, lakini mahali pengine, kuna enzimu inayoitwa linamaraze. Vyote viwili vinakaa mbali, kama wagomvi wawili ambao msimamizi amewatia kila mmoja katika bweni lake. Muhogo ukiwa mzima hawakutani. Ukiponda, ukikwaruza, au ukiloweka mpaka ulainike, kuta zinavunjika, wanakutana, na mwishowe inatoka asidi ya sianidi, ile HCN ya daftari la shimi. Ni sumu kali.

Hapa ndipo akili ya mama zetu inaonekana. Wao hawakuzuia wagomvi kukutana. Wanawakutanisha makusudi, mapema, mbali na sahani, na kuiacha sumu iende zake. HCN inachemka kwa digrii 26 tu, basi inatoka upesi kama hewa, na nyingine inakwenda na maji. Kuloweka, kutwanga, kuanika, kuchemsha sufuria ikiwa wazi: yote hayo ni kazi moja, kufungulia sumu mlango.

Kuna muhogo mtamu na muhogo wa uchungu. Wa uchungu kwa kawaida una sumu nyingi kupita mtamu, lakini usitegemee macho. Mwaka wa ukame hata shamba lile lile linaweza kutoa muhogo wenye sumu nyingi kupita mwaka uliopita. Na ganda lina sumu kupita nyama ya ndani.

2. UGONJWA WA KONZO

Katika nchi yetu, upande wa Kwango, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Jina ni la Kiyaka, maana yake ni kama kusema miguu iliyofungwa. Daktari mmoja Mwitaliano, Trolli, aliuandika mwaka 1938. Mtu anakuwa mzima. Halafu kwa ghafula, pengine anapoamka asubuhi, miguu yote miwili imekuwa migumu, magoti yanakataa. Ugonjwa hauendelei kuzidi, lakini pia haurudi nyuma. Wengine wanatembea kwa fimbo moja, wengine kwa mbili, wengine hawatembei tena. Unakamata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hauambukizi, na si ulozi.

Unakuja pale watu wanapokula muhogo wa uchungu ambao haukutengenezwa vizuri, kwa majuma mengi, karibu bila kitoweo. Mwaka 1981 katika Msumbiji, jimbo la Nampula, ukame ulileta njaa, na watu zaidi ya 1,000 walipatwa.

Lakini si njaa peke yake. Katika Bandundu ya zamani, miaka ya 1970 na 1980, njia nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta magari ya wanunuzi wa muhogo mpaka vijijini. Mnunuzi alitaka mali upesi. Wanawake waliokuwa wanaloweka siku tatu wakaanza kuloweka siku moja. Watafiti walioandika juu ya jambo hili mwaka 1992 walionyesha kwamba kule kufupisha ndiko kulikobakiza sumu ndani ya unga. Wanawake wale hawakuwa wajinga. Walijua siku tatu. Walichokosa ni mtu wa kuwaeleza siku tatu zinafanya kazi gani, nao waliona franga ziko mlangoni. Desturi isiyo na sababu inauzwa bei rahisi.

3. BUGALI WA MUHOGO, KWA UTARATIBU

Tunaandika kwa yule ambaye hajawahi kutengeneza unga mwenyewe.

a) Tosha maganda yote, osha, kata vipande. Maganda usiyatupe pale mbuzi wanapopita.

b) Tia vipande ndani ya maji yanayovifunika vizuri, katika pipa, ndoo kubwa au kisima cha kulowekea. Usiloweke mahali watu wanapochota maji ya kunywa.

c) Ngojea siku 3 mpaka 4. Kule milimani kwenye baridi ngojea hata zaidi, kwa sababu baridi inachelewesha kuchacha. Hapa kalenda haitoshi, tumia kidole: kipande kikibonyea chenyewe, na ule uzi wa katikati ukitoka bila kuvuta kwa nguvu, kimeiva. Kikiwa bado kigumu, kirudi ndani ya maji.

d) Mwaga maji yale. Usiyatumie tena na usiwape wanyama. Osha vipande kwa maji safi, vunjavunja, anika juani mpaka vikauke kabisa na kuvunjika kwa sauti. Anika juu ya mkeka au bati safi, si kandokando ya barabara penye vumbi na moshi wa magari.

e) Twanga, chekecha, weka unga mahali pakavu.

Kupika kwa watu wanne: chemsha maji litre 1. Mimina unga kadiri ya nusu kilo, polepole, huku unakoroga na mwiko. Songa kwa nguvu mpaka usionekane unga mweupe ndani. Ukipenda, changanya na unga wa mahindi nusu kwa nusu. Bugali unakuwa mwepesi tumboni, na muhogo katika sahani unapungua.

Wengine wanasema: kuanika juani bila kuloweka kunatosha. Hakutoshi kwa muhogo wa uchungu. Kipande kinakauka kabla ya enzimu kumaliza kazi yake, na linamarina nyingi inabaki ndani, imekauka pamoja na unga.

4. SOMBE

Majani ya muhogo yana protini, vitamini na chuma. Bahati yetu ni kubwa, chakula hiki kiko nyuma ya nyumba. Lakini majani nayo yana sumu, kupita hata mizizi mingi. Kwa hiyo:

a) Chuma majani machanga, osha, tosha vijiti.

b) Twanga yakiwa mabichi mpaka yawe laini kabisa. Kinu ndicho kinachowakutanisha wale wagomvi wawili. Ukichemsha majani mazima kwanza, moto unaua enzimu, na linamarina inabaki salama ndani ya jani. Basi kinu kwanza, moto baadaye.

c) Tia katika maji, chemsha bila mfuniko, angalau nusu saa ya kwanza. Mfuniko unarudisha chini kile tunachotaka kitoke. Usiinamishe uso juu ya mvuke.

d) Sombe ikiisha kulainika, tia kitunguu, bilinganya, pilipili kama unapenda, chumvi, na kijiko kikubwa kimoja au viwili vya mawese. Hapo sasa unaweza kufunika na kupunguza moto. Kwa wale wa karanga: karanga zilizotwangwa zinaingia hapa, na ukoroge zisishike chini.

e) Mwishoni tia sambaza kavu zilizooshwa, ngojea dakika kumi, epua.

5. USILE BUGALI NA CHUMVI TU

Mwili wetu unajua kupambana na sianidi kidogo. Unaigeuza kuwa kitu kingine kisicho kikali sana na kuitoa kwa mkojo. Lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, ile S ya shimi, na salfa hiyo inatoka katika protini: samaki, mayai, nyama, na maharagi pia. Muhogo wenyewe una protini kidogo sana. Ndiyo sababu konzo inakamata zaidi nyumba zisizo na kitoweo.

Hapa kwetu kitoweo cha bei ndogo ni sambaza. Wale samaki wadogo hawakuwako katika ziwa Kivu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, wakazaana. Kiganja kimoja cha sambaza ndani ya sombe kinafanya kazi kupita kipande kimoja cha nyama siku ya Krismasi na mwaka mzima hakuna kitu. Asiye na sambaza atie maharagi, yaliyochemshwa mpaka yameiva vizuri.

6. MAULIZO

Ulizo: Nimenunua unga sokoni, sijui kama uliloweka siku ngapi. Nifanye nini?
Jibu: Kuna njia iliyofundishwa na Bradbury, mtaalamu wa Australia, na wamama wa Kwango wameitumia tangu mwaka 2010. Tia unga ndani ya beseni, usawazishe, weka alama mahali ulipofika. Tia maji kidogo kidogo huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze juu ya mkeka, wembamba, usipite sentimeta 1. Ngojea saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Halafu upike siku ile ile, kwa sababu unga wenye maji unaharibika. Njia hii haiondoi lazima ya kuloweka. Inasaidia kutosha kile kilichobaki.

Ulizo: Na ule muhogo tunaotafuna mbichi njiani tukitoka masomoni?
Jibu: Kama ni wa uchungu, tema mara moja. Hata ule mtamu, afadhali kutosha ganda, kuosha na kuchemsha kabla ya kula.

Ulizo: Mtu akila vibaya, anaonyesha dalili gani?
Jibu: Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, saa chache baada ya kula. Mpeleke kwenye kituo cha afya bila kungojea kesho, na useme alikula nini. Akianza kupumua kwa shida au kuzimia, ni hatari kubwa.

7. KAZI YA LIKIZO

Tunaomba kila msomaji, mvulana na msichana sawasawa, afanye jambo moja likizo hii. Usikae tu kungojea sahani. Ingia jikoni, shika mchi, na uulize mama, shangazi au nyanya: hapa unangojea juu ya nini? Pengine atajibu kwamba alifundishwa hivyo na mama yake. Andika hata jibu hilo. Halafu andika muda, kipimo, na dalili anayoangalia kwa macho au kwa kidole, maana wazee wetu hawakupika na saa ya mkono.

Mkirudi, leteni karatasi zenu kwetu. Tutapiga mapishi kwenye mashine, moja moja, kila namba ya gazeti: ngaingai, lengalenga, chikwange, matembele, na yale ambayo wengine hatujapata hata kusikia jina. Tunaweka sharti moja tu. Mapishi yasiyo na muda wa kungojea na sababu yake, tutayarudisha kwa mwenyewe akaulize tena nyumbani.

Muwe na likizo njema, na mle vizuri.

Sisi wa komite ya gazeti