Malawi na hesabu ngumu ya walimu wa msingi

NCHI ndogo ya Malawi iliajiri walimu wa shule za msingi wapatao 20,000 kwa mkupuo mmoja mwaka wa 1994. Ni nchi chache Afrika zilizowahi kuongeza walimu kwa kasi hiyo, na athari za uamuzi huo zilidumu kwa miaka mingi.

Mei mwaka huo, Bw Bakili Muluzi alimshinda Dkt Hastings Kamuzu Banda, aliyekuwa ameitawala nchi hiyo kwa miongo mitatu. Serikali mpya ilifutilia mbali karo ya shule za msingi bila kukawia. Idadi ya wanafunzi ikapaa kutoka milioni 1.9 hadi takriban milioni tatu katika muda wa mwaka mmoja.

Wakenya wanaikumbuka hali kama hiyo. Mnamo 2003, elimu ya msingi bila malipo iliongeza wanafunzi nchini kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Hata hivyo, Kenya ilikuwa imesitisha uajiri wa walimu wapya tangu 1998, ikawa inajaza tu nafasi za waliostaafu, kufariki au kuacha kazi. Malawi ilifuata njia iliyo kinyume: iliajiri kwanza, mafunzo yakafuata baadaye.

Walioajiriwa wengi walikuwa vijana waliotoka shule ya upili. Walipewa maelekezo ya wiki chache tu, kisha wakakabidhiwa chaki. Kwa sababu yao, wastani wa wanafunzi kwa kila mwalimu haukuharibika kama ilivyohofiwa. Lakini takwimu hiyo ilificha mengi, kwani alipohesabiwa mwalimu aliyehitimu pekee, wastani ulipita wanafunzi 100.

Mpango wa kuwafunza wakiwa kazini ulianza mwaka wa 1997. Mwalimu alikaa chuoni miezi mitatu pekee, na muda uliosalia, zaidi ya mwaka mmoja na nusu, akawa anajifunza huku akifundisha. Aliyepaswa kumwelekeza shuleni ni mwalimu mkuu, ambaye mara nyingi naye alikuwa amelemewa na darasa lake.

Wakati huo huo, Ukimwi ulikuwa ukiwaangamiza walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, takriban watu wazima 15 kati ya kila 100 nchini humo walikuwa wakiishi na virusi vya HIV. Vyuo vikawa vinatoa walimu wa kujaza mapengo, sio wa kuongeza idadi.

Nayo idadi ya watu haikungoja. Sensa ya 1998 ilipata watu milioni 9.9, ile ya 2018 ikapata milioni 17.6. Ndiyo maana kufikia 2010, licha ya mafunzo yote hayo, kila mwalimu alikuwa na wanafunzi karibu 80 kwa wastani, ilhali lengo la serikali lilikuwa 60.

Wastani wenyewe nao hudanganya. Shule za mijini zilijaa walimu, hasa wanawake waliohamia huko kuwafuata waume zao, nazo za mashambani zikakosa hata nyumba ya mwalimu kulala. Marupurupu ya mashambani yalianzishwa mwaka wa 2010 ili kurekebisha hali hiyo, lakini yaliishia kulipwa karibu kila mwalimu aliye nje ya miji mikubwa. Aliyefunza kando ya barabara ya lami akapokea sawa na aliyevuka mito kufika kazini, hivyo hakuna aliyeshawishika kwenda mbali zaidi.

Ndani ya shule moja pia mgao haukuwa sawa. Walimu wakuu walielekeza walimu wao bora katika madarasa ya juu, yanayokaribia mtihani wa darasa la nane, ambako wanafunzi tayari ni wachache kwa kuwa wengi huwa wameacha shule. Watoto wa darasa la kwanza, wasiojua hata kushika kalamu, wakaachwa zaidi ya 100 chini ya mti mmoja na mwalimu mmoja.

Katika miaka ya 2010 tatizo liligeuka sura. Vyuo sasa vilitoa walimu waliohitimu kikamilifu, lakini hazina haikuwa na fedha za mishahara. Makundi ya wahitimu yalikaa nyumbani, mengine kwa zaidi ya mwaka mmoja, yakisubiri barua za ajira katika nchi yenye uhaba wa walimu.