WRX, Altezza au IST: Lipi Likupeleke Kazini Kila Siku?

Anayetafuta gari la mkononi Dar es Salaam hukutana mapema na kishawishi kimoja: Toyota Altezza inayouzwa kwa bei inayokaribiana na ya IST. Akijikamua zaidi, macho yanahamia kwenye Subaru Impreza WRX. Hakuna ubaya kuyapenda magari haya. Ni matamu kuendesha, na yaliundwa na watu waliojua kazi yao. Lakini gari la kwenda kazini lina deni moja kwako: liwake kila asubuhi, na likuachie fedha ya kula. Kwa hiyo tusiishie kwenye bei ya kununua. Tuangalie gharama za baada ya kununua.

Mafuta

Tumchukue mtu anayekwenda kilomita 1,000 kwa mwezi, sehemu kubwa kwenye foleni. Kwa makadirio ya mjini, IST ya cc 1,496 itampa kilomita 13 kwa lita, Altezza kilomita 9 na WRX kilomita 8. Kwa mwezi, hizo ni lita 77, 111 na 125. Tukichukulia lita ni TSh 3,000, Altezza inakula TSh 102,000 zaidi ya IST kila mwezi, na WRX TSh 144,000. Kwa mwaka mmoja, WRX imekuzidishia zaidi ya TSh 1,700,000 kabla fundi hajafungua boneti.

Aina ya petroli nayo ina uzito. WRX na Altezza RS200 ziliundwa kwa petroli ya oktani ya juu inayouzwa Japani. Ukizijaza ya chini, petroli huwaka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na kompyuta hulazimika kupunguza nguvu ile ile uliyoilipia. Altezza AS200, yenye silinda sita na nguvu-farasi 160, haina madai hayo; petroli ya kawaida inaitosha.

Matengenezo

Hapa ndipo magari haya yanapoachana kabisa. Injini ya IST inatumia cheni ya taimingi, na ukibadilisha oili kwa wakati, cheni hiyo hudumu miaka mingi bila kuguswa. Altezza inatumia mkanda, hivyo weka akiba ya kuubadilisha. Kwenye WRX, mkanda mmoja unazungusha kamshafti nne pamoja na pampu ya maji. Unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, vavu hukutana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Muuzaji akisema "mkanda ni mpya" bila risiti wala maandishi ya gereji, hesabu kwamba haujabadilishwa. Weka gharama ya mkanda, vikaza mkanda na pampu ya maji juu ya bei aliyokutajia, kisha ndipo mpatane.

Turbo nayo inataka oili safi. Kilomita 5,000 ni mwisho. Kusogeza mbele ni kuichosha turbo ambayo ni ghali kuliko oili ya mwaka mzima.

Matairi ni gharama ambayo wanunuzi wengi huisahau. WRX inasukumwa na magurudumu yote manne, na matairi yake yanatakiwa kulingana kwa aina na kwa kiwango cha kuchakaa. Tairi moja likipasuka mengine yakiwa yameshalika, kununua moja tu kunaipa mzigo difu ya katikati. Mara nyingi utanunua manne. Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mawili yanatosha. Juu ya hayo, matairi ya 215/45 R17 unayoyakuta kwenye magari haya mawili yana ukuta mfupi. Shimo la barabarani linafika kwenye rimu haraka.

Kulikagua

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika. Gusa boneti: ikiwa ya moto, amekutangulia, na ana sababu. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta uone maji yana rangi gani na kama kuna mafuta yanayoelea, kisha rudisha kifuniko. Washa, nenda nyuma uangalie moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto ni dalili ya maji kuingia kwenye silinda, na gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kisha tafuta dalili za kuchezewa: ekzosi kubwa, springi zilizokatwa, nyaya zilizounganishwa kwa mkono. Gari la michezo lililobaki kama lilivyotoka kiwandani lina thamani kuliko lililopambwa.

Lipi sasa?

Ukiwa na gari moja tu, watoto wa kupeleka shule na mshahara unaoisha tarehe 25, nunua IST. Spea zake zimejaa Kariakoo na Ilala, na fundi wa mtaani anaijua.

Ukitaka raha ya kuendesha na bado ufike kazini, chukua Altezza AS200 ambayo haijachezewa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo chaguo bora kwa mpenzi wa magari mwenye kipato cha kawaida.

WRX inunue ukitimiza masharti matatu: una fundi anayeijua Subaru hasa, una akiba ya matengenezo isiyoguswa kwa jambo lingine, na una namna nyingine ya kufika kazini wiki ambayo gari limelala gereji. Sharti moja likikosekana, subiri. Jaza akiba kwanza, gari utalipata.